Bei ya pedi si bei ya breki

“Fundi, bei ya pedi za breki nimeshaiona dukani, mbona wewe unanitajia nyingine?” Swali hili limenichosha, na anayeliuliza karibu kila mara ana gari lililokula miaka mingi barabarani. Leo naliandikia hapa mara moja, ili wa kesho nimtumie kiungo, niendelee na kazi.

Kwa gari jipya hesabu yako haina kasoro. Tairi linatoka, kalipa (kile kibano kinachozikaza pedi kwenye diski) inafunguliwa, pistoni inarudishwa ndani, pedi zinaingia, basi. Kwa gari la zamani pedi huwa ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote. Hela inakwenda kwa vitu vinavyoizunguka, na hali yake huijui mpaka tairi litoke. Fundi anayekutajia bei ya mwisho kwa simu, gari hajaliona, ama anabahatisha ama ameshaamua kutogusa kingine chochote.

Chukua pini za kalipa, maana hizi ndizo zinazonipandisha hasira. Magari mengi ya kawaida yana kalipa yenye pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe inateleza kwenye pini zake na kuikaza pedi ya nje. Sasa vile viraba vinavyofunika pini vikipasuka, maji yanaingia, grisi inaisha, kutu inashika, pini inaganda. Kuanzia hapo pedi ya ndani inabeba mzigo peke yake. Mteja anachungulia kwenye matundu ya rimu: “Si hii hapa, bado nene!” Kweli, ya nje ni nene. Naitoa ya ndani, limebaki bati tupu, na diski upande ule imechimbika mistari kama shamba lililotoka kulimwa.

Ukifunga pedi mpya juu ya pini hizo, ya ndani itaisha vilevile, tena mapema. Ndipo utasikia “pedi za siku hizi hazidumu.” Zinadumu, bwana. Kazi halisi ilikuwa kuing’oa pini iliyoganda, kusafisha tundu lake, kuweka viraba vipya na grisi inayohimili joto na isiyovimbisha mpira, si ile ya beringi. Vitu vyenyewe ni bei ya kutupa, lakini muda wake ni mrefu, na unachonilipia ni huo muda. Pini ikikatikia ndani, tunaanza kuzungumza habari ya kalipa nzima, na hapo najua utaninunia.

Diski sitaisema sana. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umegongwa kwenye diski yenyewe. Pima, diski ikiwa nyembamba kuliko hapo, hakuna kuchonga, ni mpya. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, usikimbilie kusema diski imepinda: mara nyingi imelika bila kulingana, au aliyeifunga hakusugua kutu kwenye habu, kile kitovu diski inapokalia, kabla ya kuifunga.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu hapo ndipo pedeli inakuwa laini mguuni. Wengi wanayaongeza tu, hawayabadilishi.

Kuna mambo vitabu vinayasema kirahisi mno. Tairi likibaki limeshikwa baada ya kuachia pedeli, legeza nati ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki: likiachia, presha ilikuwa imenaswa, huenda mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda kwenye kalipa, umevimba ndani, likigoma, tatizo ni kalipa au pini. Vizuri sana, kama nati italegea. Kwenye gari kuukuu mara nyingi inakatika, na wakati mwingine mpira na kalipa vyote ni vibovu, jibu linakuja nusu nusu.

Lingine ni masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli kupeleka mafuta kwenye breki. Wakati wa kutoa upepo, pedeli ikikanyagwa hadi sakafuni, sili zake za ndani, mipira inayozuia mafuta yasivuje, zinapita mahali ambapo kwa miaka hazijafika, penye uchafu na kutu. Masta iliyokuja nzima inaweza kuanza kuvujisha ndani kwa ndani baada ya hapo. Wapo mafundi wanaosema ilikuwa imeshakufa, tulichofanya ni kuifichua. Siwezi kuwathibitishia vinginevyo. Mimi naweka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho, na mteja namwonya kabla sijaanza, maana baada ya hapo maonyo yote yanasikika kama visingizio.

“Lakini bili inakaribia bei ya gari!” Huenda. Gari hilo halikupungua uzito kwa kuzeeka, na mwendo ukizidishwa mara mbili, breki zina kazi mara nne. Kuamua kuliuza au kuliegesha ni haki yako, sikulaumu. Nitakachokataa ni kufunga pedi tupu kwenye kalipa iliyoganda kisha niandike kwenye risiti kwamba breki zimetengenezwa.

Kama hela ni ya mafungu, sema mapema. Breki za dramu za nyuma zenye nyama ya kutosha na zisizovuja zinaweza kusubiri. Kelele kidogo za asubuhi zinaweza kusubiri. Kalipa inayovuja, mpira wenye nyufa na pedi iliyofika bati havisubiri. Ukija kulichukua gari, dai pedi za zamani, ya ndani na ya nje, uziweke sambamba kiganjani. Zikiwa zimetofautiana sana unene na kwenye bili hakuna neno pini, muulize aliyefunga. Hata kama ni mimi.