Maji mwilini kwa mzamiaji: anywe nini, na lini

Anayezama baharini na mtungi wa hewa hupoteza maji ya mwili akiwa katikati ya maji. Wazamiaji wanalijua jambo hili kwa kubanwa na mkojo hata kama asubuhi hawakunywa kitu.

Nchi kavu, damu nyingi hukaa miguuni. Ukizama, bahari inakubana kila upande na damu ile inapanda kifuani. Moyo ukishajaa hivyo, mwili huona una maji ya ziada, homoni zinabadilika, figo zinaanza kuyatoa. Baridi huzidisha hali hiyo. Halafu kuna hewa ya mtungi, ambayo ni kavu mno, kwa sababu hukaushwa wakati wa kujazwa ili mtungi usishike kutu. Mapafu hulazimika kuilowesha kwa maji yako mwenyewe, pumzi hadi pumzi. Ongeza jasho la kuvaa suti ya mpira juani, boti ikielekea kisiwa cha Mnemba huko Zanzibar, na matapishi ya waliochafukwa na bahari.

Hasara hiyo ina uzito kwa sababu ya nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, kwa hiyo gesi hiyo huyeyuka kwa wingi mwilini. Unapopanda inapaswa itoke taratibu kupitia mapafu, na kinachoibeba ni damu. Damu ikipungua, mzunguko nao unadhoofika. Gesi ikigeuka mapovu ndipo unapokuja ugonjwa wa mgandamizo: viungo kuuma, ganzi, vipele, pengine kupooza. Hata hivyo, wanaodai kwamba maji ni kinga kamili wanapotosha. Kinachoamua zaidi ni kina, muda uliokaa chini na kasi ya kupanda. Aliyepitisha muda wake hataokolewa na chupa ya maji.

Kinywaji chenyewe, basi, ni maji ya kawaida, tena kidogo kidogo kuanzia siku iliyotangulia. Kugugumia lita nzima boti ikishatia nanga hakuna faida: mengi yataishia ndani ya suti, na kuujaza mwili maji kupita kiasi kunahusishwa na hatari ya mapafu kujaa maji wakati wa kuzama. Mkojo wa njano hafifu unatosha, si lazima uwe mweupe kabisa. Wako wanaojinyima maji makusudi ili wasikojoe ndani ya suti. Aibu hiyo haina maana, suti inaoshwa.

Kikombe cha chai au kahawa kwa aliyezoea hakina neno. Soda ingoje, kwani gesi iliyo tumboni ukiwa mita 10 chini hufika juu ikiwa maradufu. Pombe usiiguse kabla ya kuzama, na uchovu wa pombe ya jana nao uhesabu. Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni yenyewe inaanza kulevya, huna haja ya kuisaidia.

Ukishapanda, endelea na maji. Dafu ni zuri, lina potasiamu na sukari kidogo, ila chumvi yake ni ndogo. Aliyetapika sana afadhali anywe ORS ya duka la dawa, yaani ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Bia ya ufukweni Kendwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na si kwa sababu ya mkojo peke yake. Dalili nyingi za ugonjwa wa mgandamizo hujitokeza ndani ya saa chache, nazo ni uchovu, kizunguzungu, kuyumba. Aliyekunywa bia tatu, nani atajua ni bia au ni nitrojeni?

Unguja na Pemba, ambako wenyeji karibu wote ni Waislamu, Ramadhani ina hesabu yake. Mwongozaji anayefunga ayagawe maji yake kati ya futari na daku, asiyamalize yote wakati wa daku. Safari yake iwe ya mapema asubuhi, mara moja, na ya kina kifupi. Akiamka na kichwa kinauma na mkojo umekuwa wa kahawia, abaki botini siku hiyo, mwenzake ashuke na wageni.