Bakteria Kati ya Kukua na Kujihami: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Kando ya Ziwa

Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu ameze dawa miezi 6 wakati kikohozi kimekoma mwezi wa kwanza? Swali hili huulizwa mara nyingi katika kambi za wavuvi na masoko ya Mwanza, na jibu lake linaanzia ndani ya bakteria mwenyewe, katika namna anavyogawa nguvu na malighafi chache alizonazo.

Bakteria ana nini cha kugawa?

Bakteria ni seli moja, na kazi inayomgharimu kuliko zote ni kutengeneza protini. Protini hutengenezwa na mitambo midogo iitwayo ribosomu, ambayo nayo imeundwa kwa protini na RNA (kemikali ya jamii ya vinasaba), kwa hiyo seli inayotaka kukua haraka hulazimika kutumia ribosomu ilizonazo kutengeneza nyingine. Escherichia coli, anayeishi katika utumbo wa binadamu, akipata chakula kingi maabara hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na huwa na ribosomu zipatazo 70,000. Chakula kikiwa duni hata akachukua zaidi ya saa moja na nusu kugawanyika, ribosomu hushuka chini ya 10,000. Uhusiano huu kati ya kasi ya kukua na kiasi cha RNA ulielezwa wazi na watafiti wa Copenhagen mwaka 1958.

Wavuvi wa dagaa watalielewa jambo hili upesi. Usiku wa giza kikosi kizima huwa ziwani na taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavutwi vizuri na taa, hivyo watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kukalafati mitumbwi. Mikono ni ileile, haiwezi kuvua na kushona kwa wakati mmoja. Tofauti iliyopo ni kwamba mvuvi anaijua siku ya mbalamwezi, ilhali bakteria hajui njaa, joto au dawa vitamfikia lini.

Basi anajuaje kwamba wakati wa kujihami umefika?

Asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, zikipungua, ribosomu hukwama katikati ya kazi. Kimeng'enya (protini inayochochea kazi za kemikali) kilicho karibu nazo huitambua hali hiyo na kutengeneza kemikali ndogo inayoitwa ppGpp, ambayo hupunguza uundaji wa ribosomu mpya na kuelekeza malighafi kwenye protini za kujikinga na za kutafuta chakula cha aina nyingine. Mabadiliko hayo huchukua muda. Katika miaka ya 1940, Jacques Monod wa Ufaransa alionyesha kwamba bakteria waliopewa sukari za aina mbili, glukosi pamoja na laktosi, humaliza glukosi kwanza, husimama kwa muda wakijiandaa, kisha huanza kukua tena kwa laktosi.

Hili lina uhusiano gani na kiporo cha wali?

Uhusiano ni mkubwa. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye huweza kuwamo katika mchele mkavu, ana njia kali kuliko zote ya kujihami: huacha kabisa kukua na kujifungia ndani ya ganda gumu linaloweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa katika sufuria iliyofunikwa, ukapoa polepole usiku kucha, ganda hufunguka na bakteria huanza kugawanyika. Tukichukulia kwamba hugawanyika kila nusu saa, mmoja tu huzidi milioni moja katika saa 10. Baadhi yao huacha sumu isiyoharibiwa na joto la kupasha chakula, kwa hiyo kiporo kilicholala nje hakiokolewi kwa kuchemshwa asubuhi. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Asiye na jokofu ni heri apike kinachotosha mlo mmoja.

Dawa inashindwaje kuwamaliza bakteria wote kwa siku chache?

Dawa nyingi hushambulia kazi inayoendelea. Penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, na asiyejenga haguswi sana. Mwaka 1944 Joseph Bigger, mtafiti wa Dublin, aliwatia penisilini bakteria wa Staphylococcus na kukuta takribani mmoja katika milioni akibaki hai. Alipowakuza upya waliobaki, vizazi vyao vilikufa kwa penisilini ileile, jambo linaloonyesha kwamba walionusurika hawakuwa sugu. Walikuwa wamelala tu.

Bakteria wa kifua kikuu ni wa polepole hata akiwa macho, kwani huchukua takribani saa 20 kugawanyika mara moja. Katika matibabu yaliyozoeleka, mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi 4. Isoniazidi huua upesi wanaokua, na hapo ndipo kikohozi hupungua na mgonjwa hujiona amepona. Pirazinamidi na rifampisini huwafuata wale wazembe, yaani bakteria wanaokua polepole au waliolala. Anayeacha dawa mwezi wa pili huwa amewaondoa wenye haraka na kuwaachia nafasi waliolala. Na anayesimama kwenye dirisha la duka la dawa akaomba "vidonge vinne tu vya rangi mbili" kwa ugonjwa asioupima, kwa maoni yangu, anahatarisha afya yake na ya jirani zake.

Je, huko kulala ndiko usugu wa dawa?

Hapana. Usugu umo katika vinasaba na hurithiwa, lakini wanaonusurika kwa kulala hupata nafasi ya kuzaliana, na usugu huweza kuzuka kati yao.

Maji ya ziwa yaliyochotwa mbali na ufukwe, yakiwa maangavu, ni salama?

Uangavu hauthibitishi usalama. Vibrio cholerae, anayesababisha kipindupindu, anaweza kuishi majini akiwa amejishikiza kwenye viumbe vidogo sana vinavyoelea, na mazingira yakiwa magumu hupunguza shughuli zake hata asioteshwe kwa vipimo vya kawaida vya maabara. Kwa kuwa hujishikiza hivyo, kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu katika vijiji vya Bangladesh, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Kitambaa hata hivyo hakitoshi. Chemsha maji mpaka yatokote, kwa sababu joto huharibu protini za Vibrio aliye macho na za aliyelala vilevile.

Hatari zaidi ni kinyesi kibichi cha mgonjwa. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba Vibrio aliyetoka punde katika utumbo wa binadamu huambukiza kwa idadi ndogo kuliko aliyeoteshwa maabara, na hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa akiwa majini. Katika kambi isiyo na choo, muda huo unatosha kabisa kwa ndoo ya jirani kuchota maji palepale.