"Nishaiona YouTube": dhana potofu kuhusu gemu za hadithi

"Hiyo nishaiona YouTube, ya nini kuicheza?" Neno hili nalisikia kwenye kibanda changu cha gemu kila nikimwekea mteja What Remains of Edith Finch, na limenichosha. Kuitazama si kuicheza.

Gemu hiyo ya Giant Sparrow, iliyotoka Aprili 2017, inamhusu Edith, binti wa miaka 17 anayerudi kwenye nyumba ya ukoo wao katika kisiwa cha Orcas, jimbo la Washington, Marekani. Anapita chumba baada ya chumba akijua jinsi jamaa zake walivyokufa. Sasa ufike kwa kaka yake, Lewis, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki. Kijiti cha kulia cha padi, kile kifaa cha kuchezea unachoshika mikononi, ndio mkono wake: shika samaki, mkate kichwa, mtupe kwenye mkanda. Shika, kata, tupa. Kijiti cha kushoto kinamtembeza ndotoni, katika ufalme anaoujenga kichwani akiwa kazini. Ndoto inakua mpaka inaimeza skrini, na kidole gumba cha kulia bado kinakata samaki usiowatazama tena. Hapo ndipo unapomjua Lewis, maana umechoka kama yeye na umetoroka kama yeye. Mtazamaji wa video vidole vyake vimelala. Kijana mmoja aliyebisha sana nilimkalisha acheze. Alipomaliza sehemu hiyo aliweka padi mapajani, akakaa kimya muda mrefu.

"Inaisha kwa saa mbili, hela imepotea." Hadithi yenyewe inatoshea humo. Mwaka 2018 BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotoa tuzo za filamu na gemu, iliipa hii hii fupi tuzo ya gemu bora, na mimi sijaona pa kuiongeza.

"Hakuna kupiga wala kufungwa, basi si gemu." Katika Gone Home ya 2013 unafungua droo na kusoma barua ndani ya nyumba isiyo na mtu, na usipotafuta hujui lolote. Kutafuta ndio mchezo wenyewe.

Ninachosisitiza: ukicheza Edith Finch, vaa hedifoni, zima simu, imalize kwa kikao kimoja. Maneno ya msimulizi yanaelea kwenye skrini palepale unapopita, kwa hiyo usikimbie.

Kisha wapo wazazi wanaosema ni ya watoto kwa kuwa haina bunduki za kufyatuliana. Hapana jamani! Humo wanakufa watoto wadogo, na yupo anayejiua. Mteja aliyefiwa karibuni namweleza hayo kabla sijawasha, achague siku mwenyewe.