Je, wajua kwa nini mpaka wa wilaya ya Briançon unafuata njia ya maji?

Kwenye kipito cha Montgenèvre, njia ya kuvukia milima ya Alpi, mita 1,854 juu ya usawa wa bahari, mvua ikinyesha maji yake hugawanyika. Yanayoteremka magharibi huingia mto Durance, hukutana na Rhône karibu na Avignon na kumwagika Mediterania. Yanayoteremka mashariki hufuata mto Dora Riparia, hupita Torino, huingia mto Po na kuishia bahari ya Adria. Magharibi ni Ufaransa, mashariki ni Italia. Kwa sehemu kubwa, mstari huo wa mgawanyo wa maji ndio mpaka wa mashariki wa wilaya ya Briançon, kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Ukiuona kwenye ramani utadhani ni kazi ya maumbile: palipo na mlima mrefu, nchi huishia hapo. Sivyo. Kwa karne nyingi watu wa pande zote mbili walikuwa jamii moja, wakivuka vipito hivyo na mifugo na bidhaa zao, na walikuwa na utawala wao wa pamoja.

Utawala huo ulipata nguvu ya kisheria mwaka 1343. Humbert II, mtawala wa Dauphiné, dola ndogo ya wakati huo iliyojumuisha milima hii, alikuwa na shida kubwa ya fedha. Wanavijiji wa milimani walikuwa nazo, wakaingia naye mkataba. Walimlipa florini 12,000 za dhahabu na kukubali kodi ya ducati 4,000 kila mwaka. Nao wakaachiliwa kutoka mizigo ya kikabaila, wakatambuliwa kuwa watu huru na kuruhusiwa kukutana na kuchagua viongozi wao wenyewe. Vijiji na miji 51 iligawanywa katika makundi matano yaliyoitwa escarton: Briançon, Queyras, Oulx, Pragelas na Château-Dauphin. Kazi kuu ya kila escarton ilikuwa kugawana kodi ile kwa haki, ili kijiji maskini kisibebe mzigo wa kijiji tajiri.

Ili mambo hayo yaende, watu walipaswa kujua kusoma na kuhesabu, na hapa ndipo wakulima hawa wanaponishangaza zaidi. Theluji ilipofunga mashamba, wapo walioshuka mabondeni kutafuta kazi ya ualimu. Katika minada walijitambulisha kwa manyoya yaliyochomekwa kofiani. Unyoya mmoja ulimaanisha anafundisha kusoma na kuandika, miwili anaongeza hesabu, mitatu anajua na Kilatini. Anayetafuta mwalimu alitazama kofia tu.

Kisha ukaja mwaka 1713. Mkataba wa Utrecht ulipomaliza vita, mfalme Louis XIV wa Ufaransa na mtawala wa Savoy, dola jirani iliyomiliki Piedmont upande wa Italia, walikubaliana kwamba maji ndiyo yaamue: yanapoteremkia Ufaransa pawe pa Ufaransa, yanapoteremkia Piedmont pawe pa Savoy. Kwa kanuni hiyo Ufaransa ilipata bonde la Barcelonnette, lakini Oulx, Pragelas na Château-Dauphin zikaondoka. Vijiji 32 kati ya 51 vilikwenda upande wa pili. Ndugu waliokuwa wakikaa baraza moja wakajikuta chini ya watawala wawili, na Briançon, uliokuwa mji wa katikati, ukawa mji wa mpakani. Baadhi ya ngome ambazo bado zinauzunguka zinatokana na hali hiyo. Zile zilizopangwa na mhandisi Vauban ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta mabaki ya escarton na kuleta mfumo wa mikoa uliopo hadi leo. Briançon ni wilaya ya mkoa wa Hautes-Alpes, ambao makao yake ni Gap. Mkoa una wilaya mbili tu, Briançon na Gap, kwani ya tatu, Embrun, ilifutwa mwaka 1926. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Hukagua kama maamuzi ya mameya yanafuata sheria, na huratibu uokoaji panapotokea mafuriko au maporomoko ya theluji. Wilaya yenyewe haina baraza la kuchaguliwa wala bajeti yake. Wananchi huchagua madiwani wa vijiji na miji yao, na wajumbe wa baraza la mkoa. Kwa bonde lililonunua haki ya kujichagulia viongozi tangu 1343, hilo ni badiliko kubwa.

Na ndani ya Ufaransa maji hayakuheshimiwa hivyo. Kijiji cha La Grave kimo katika wilaya ya Briançon, ila mto wake, Romanche, hushuka upande wa Grenoble. Kati yake na Briançon kuna kipito cha Lautaret chenye mita 2,058, ambacho theluji nyingi huweza kukifunga. Mwaka 2015 handaki la Chambon, kwenye barabara ya kwenda Grenoble, lilifungwa kwa sababu mlima ulikuwa ukisogea. Wakazi wenye kazi au shule upande huo ikabidi wavuke ziwa kwa mashua.

Hata mpaka wa kimataifa haukubaki ulivyochorwa. Juu ya mlima Chaberton, wenye mita 3,131, Waitalia walikuwa wameweka mizinga minane iliyoielekea Briançon. Mizinga ya Wafaransa iliishambulia na kuharibu sita kati yake Juni 1940. Mkataba wa amani wa 1947 uliipa Ufaransa mlima huo pamoja na Vallée Étroite, bonde ambalo maji yake yanakwenda Italia. Leo bonde hilo liko chini ya meya wa Névache. Lakini majira ya baridi kipito cha Échelle hufungwa kwa magari, na njia inayobaki ya kulifikia huanzia Bardonecchia, mji wa Italia ambao zamani ulikuwa katika escarton ya Oulx.