Dhana potofu kuhusu kumbukumbu za Olimpiki ya Berlin 1936

Tukisikia neno propaganda, wengi wetu hufikiria mabango yenye maneno makali na hotuba za kupayuka. Albamu, stempu na mienge ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, ambayo hadi leo watu huuziana minadani, haina makelele hayo. Huvutia macho, na ndiyo maana imani zisizo sahihi zimeizunguka kwa miaka mingi.

Dhana: Propaganda hiyo yote ilitoka serikalini.

Albamu maarufu kuliko zote za michezo ile ilitolewa na kampuni ya sigara, Reemtsma ya Hamburg, kupitia kitengo chake cha picha. Ilikuwa na juzuu mbili: moja ya michezo ya majira ya baridi kule Garmisch-Partenkirchen, nyingine ya Berlin. Ndani ya pakiti ya sigara mlikuwa na kuponi. Mvutaji alizikusanya, akazibadilisha kwa picha, kisha akazibandika kwa gundi mahali palipoachwa wazi katika albamu. Watoto nao waliingia katika shughuli hiyo kwa kuwaomba watu wazima kuponi zao.

Hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Bango mtu hulipita njiani. Albamu hii aliijaza mwenyewe, picha baada ya picha, na ukurasa ukikamilika alifurahia kazi ya mikono yake. Mwaka huo huo wa 1936, kitengo hicho hicho kilitoa albamu ya maisha ya Hitler kwa utaratibu ule ule wa picha za kubandika.

Dhana: Jesse Owens yumo, kwa hiyo albamu haikuwa na siasa.

Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana husemwa na watu wenye nia njema kabisa. Ni kweli Owens yumo. Mmarekani mweusi aliyeshinda dhahabu 4, katika mita 100, mita 200, kuruka mbali na kupokezana vijiti, hakuweza kufichwa mbele ya dunia nzima. Lakini kumwonyesha hakukuharibu lengo. Ujerumani ilitaka wageni waondoke wakiamini wametembelea nchi yenye amani na ukarimu. Kwa sababu hiyo mabango ya kuwapiga marufuku Wayahudi yaliondolewa kwa muda mitaani, ingawa Sheria za Nuremberg, zilizowavua Wayahudi uraia mnamo Septemba 1935, ziliendelea kutumika. Picha ya Owens ilifanya kazi moja na ukuta uliobanduliwa bango.

Dhana: Mbio za mwenge ni urithi wa Wagiriki wa kale.

Moto wa Olimpiki uliwashwa Amsterdam mwaka 1928, lakini mbio za kuupokezana kutoka Olympia, Ugiriki, zilianza 1936, kwa wazo la Mjerumani Carl Diem. Zaidi ya wakimbiaji 3,000 waliupitisha Ugiriki, Bulgaria, Yugoslavia, Hungaria, Austria na Czechoslovakia hadi Berlin. Mienge yenyewe, inayosakwa sana na wakusanyaji, ilitengenezwa na Krupp, kampuni iliyounda pia mizinga ya vita. Kufikia katikati ya 1941, Austria, Czechoslovakia, Yugoslavia na Ugiriki zote zilikuwa zimemezwa au kuvamiwa na Ujerumani.

Dhana: Medali za washindi zina swastika, ile nembo ya chama cha Hitler.

Hazina. Zilitumia mchoro wa Mwitaliano Giuseppe Cassioli, uliotumika tangu 1928, wenye mungu wa kike wa ushindi. Kilichokuwa cha Kijerumani hasa ni mche wa mwaloni aliopewa kila mshindi wa dhahabu. Mche wa mkimbiaji Jack Lovelock ulikua ukawa mti mkubwa huko Timaru, New Zealand.

Dhana: Picha ni picha tu, kamera haisemi uongo.

Inategemea imeelekezwa wapi. Julai 1936, wiki chache kabla ya ufunguzi, polisi waliwakamata mamia ya Waroma, jamii ambayo wengi huiita Wajipsi, jijini Berlin na kuwapeleka kambi ya Marzahn, ukingoni mwa jiji. Mwezi huo huo ujenzi wa kambi ya mateso ya Sachsenhausen ulikuwa umeanza kaskazini mwa Berlin. Hayo hayakuwa mambo ya kubandikwa albamuni.

Tena kuna Gretel Bergmann, Myahudi, mrukaji juu. Juni 1936 aliifikia rekodi ya Ujerumani ya mita 1.60. Mwezi uliofuata aliandikiwa barua kuwa kiwango chake hakitoshi, akaachwa nje ya timu. Fainali ya wanawake ilipofanyika Agosti, dhahabu, fedha na shaba zote zilikwenda kwa wanawake walioruka mita 1.60, na ikabidi wapambanuliwe kwa miruko ya ziada.