Ukomo wa mihula: hesabu inaanzia wapi?

Muhula ni kipindi kimoja cha uongozi kati ya uchaguzi na uchaguzi. Kwa rais wa Tanzania ni miaka mitano. Usiuchanganye na awamu. Mkapa alikuwa Rais wa Awamu ya Tatu kwa miaka yote kumi, 1995 hadi 2005, ila mihula yake ilikuwa miwili. Ukomo wa mihula ni kifungu cha katiba kinachomzuia mtu mmoja kupita idadi fulani, na nchi nyingi zimeishia kwenye miwili.

Wanaoupinga wana swali moja: kama wananchi bado wanamtaka, katiba inawakataza kwa nini? Uganda ilifuta ukomo huo mwaka 2005, Museveni akiwa madarakani tangu 1986, na mwaka 2017 ikafuta hata kikomo cha umri wa miaka 75. Wanaoutetea hujibu kwamba aliyeko Ikulu ndiye mwenye dola na mwenye kuteua wakubwa, kwa hiyo sanduku la kura peke yake halimtoi mtu. Mimi niko upande huu.

Ila ukiangalia kwa karibu, ugomvi mara nyingi hauko kwenye ile miwili. Uko kwenye kuhesabu. Burundi, mwaka 2015, upande wa Rais Nkurunziza, aliyetaka kugombea tena, ulidai kipindi chake cha 2005 kisihesabiwe kwa sababu alichaguliwa na Bunge, si na wananchi moja kwa moja. Mahakama ya Katiba ikakubali, huku Bujumbura watu wakiandamana na wengine wakiuawa. Kenya nayo ilianza kumhesabia Moi mwaka 1992, ilhali alishika nchi tangu 1978. Alipoondoka 2002 alikuwa ametimiza miaka 24. Kongo hawakuhesabu upya chochote: muhula wa pili wa Kabila ulikwisha Desemba 2016, uchaguzi ukacheleweshwa hadi Desemba 2018, naye akabaki kitini.

Tanzania mwanya mmoja iliuziba mapema. Kwa ibara ya 40 ya Katiba, Makamu anayerithi kiti ikiwa imebaki chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kugombea mara mbili. Ikibaki mitatu au zaidi, mara moja tu. Magufuli aliapishwa kwa muhula wa pili Novemba 2020, Samia akarithi Machi 2021. Kwa hesabu hiyo, mara yake moja ilikuwa ya 2025.