Sikio la mtoto linatoa usaha: dawa ya kunywa au ya matone?

Mwanangu alilia sikio usiku kucha. Asubuhi usaha ukatoka, maumivu yakaisha. Si amepona?

Bado, mama. Usaha ulijaa nyuma ya kiwambo cha sikio hadi kikapasuka, ndiyo maana maumivu yametulia. Vijidudu vingali ndani. Mpeleke kituo cha afya: kwa kawaida hupewa amoksisilini ya kunywa siku 5, kipimo kikifuata kilo zake, na parasetamoli ya maumivu au homa. Akichangamka siku ya 3, endelea mpaka dozi iishe. Tundu la kiwambo mara nyingi huziba lenyewe baada ya wiki chache.

Wa kwangu anavuja usaha tangu miezi 2. Amoksisilini nimenunua mpaka nimechoka.

Hapa ndipo pesa za wazazi wengi wa Bukavu zinapopotelea, na inaniuma. Usaha ukifikisha siku 14, ugonjwa umekuwa sugu. Vijidudu vinavyokaa humo, hasa Pseudomonas, havitishwi na amoksisilini. Dawa yake ni matone ya siprofloksasini, kwa kawaida wiki 2.

Lakini matone yakiangukia usaha hayafiki panapouma. Kausha kwanza. Nawa mikono, sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingize polepole, kikilowa kitoe utie kingine, mpaka kitoke kikavu. Kisha mlaze ubavu, sikio bovu juu, udondoshe dawa, akae hivyo dakika chache. Kukausha ni mara 3 kwa siku, kila siku. Kijiti usitumie, wala usiache pamba ndani.

Jirani ana matone yaliyobaki. Niyatumie?

Hapana. Matone yenye gentamisini au neomisini yakipenya kwenye tundu yanaweza kuharibu sikio la ndani, na usikivu uliopotea hivyo haurudi. Mawese ya moto na maziwa ya mama pia yasiingie.

Na kuoga ziwani?

Kivu ingoje sikio likauke na tundu lizibe. Nyumbani, linda sikio maji yasiingie.

Lini nikimbie hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, uso umepinda upande mmoja, shingo imekakamaa, kizunguzungu, au homa kali na kutapika. Na wiki 2 za matone zikiisha usaha ungali unatoka, omba barua ya kumwona daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Achunguze tundu na apime kama mtoto anasikia vizuri.